Muulize Baharia: Barua zenu kuhusu Ilulissat

Toleo lililopita niliutaja kwa mistari miwili tu mji wa Ilulissat, huko Greenland, ambako meli niliyokuwa nikiifanyia kazi ilizoea kutia nanga majira ya joto. Mistari miwili hiyo imeleta barua kuliko ukurasa mzima niliowahi kuandika juu ya bandari nyingine yoyote. Nimechagua zile zinazouliza jambo ambalo na wengine watataka kulijua, na baadhi nimezifupisha, wenyewe mniwie radhi. Na wewe uliyeuliza kama watu wa kule hulala ndani ya nyumba za barafu: hapana. Wana nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyekundu, njano, buluu na kijani, zenye televisheni na mashine za kufulia, na wengi wana simu nzuri kuliko yangu.

*"Shikamoo Baharia. Mji wenyewe uko wapi hasa, na unafikiwaje? Ramani yangu inaonyesha weupe mtupu." (Mama Nasra)*

Marahaba, Mama Nasra. Ramani yako haikudanganyi sana. Karibu asilimia 80 ya Greenland imefunikwa na barafu, na watu wake wote, elfu 56 na ushee, wamejishikiza kwenye ukingo wa pwani. Ilulissat uko pwani ya magharibi, kwenye Ghuba ya Disko, kilomita zipatazo 300 kaskazini ya Mstari wa Aktiki. Wakazi ni kama elfu tano, na kwa idadi hiyo ni mji wa tatu kwa ukubwa, baada ya Nuuk, ulio makao makuu, na Sisimiut. Wadenmark waliufanya kituo cha biashara mwaka 1741 wakauita Jakobshavn, jina ambalo bado utalikuta kwenye ramani za zamani.

Barabara ya kukufikisha haipo. Greenland hakuna barabara inayotoka mji mmoja kwenda mwingine, ni ndege au chombo. Wageni wengi hupitia Copenhagen au Reykjavik. Tangu Novemba 2024 Nuuk una kiwanja kinachopokea ndege kubwa kutoka Copenhagen, mwendo wa saa nne na nusu hivi, na kutoka hapo kuna ndege ndogo za pangaboi kwenda Ilulissat. Mwenye muda na kifua cha bahari apande Sarfaq Ittuk, meli ya abiria inayofuata pwani kutoka kusini, mji kwa mji, hadi Ilulissat. Mimi ni mtu wa meli, kwa hiyo usitarajie nikushauri vingine.

Ila kwa vyovyote utakavyokwenda, acha nafasi kwenye ratiba. Ukungu wa ghuba hauna adabu. Unaingia asubuhi, ndege zinasimama, na hakuna wa kumlaumu. Anayepanga kutoka Ilulissat na kuunganisha ndege ya kurudi kwao siku hiyohiyo anacheza kamari.

*"Kaka Baharia, nina viza ya Schengen niliyopewa kwa ajili ya mkutano Copenhagen. Greenland si ni ya Denmark? Si naunganisha tu?" (Mhasibu)*

Huunganishi, ndugu yangu. Greenland imo katika Ufalme wa Denmark, lakini ina serikali yake ya ndani tangu 1979, ikaongezewa mamlaka 2009, ilijitoa katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1985, na haimo kabisa katika Schengen, ule umoja wa nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza yako ya mkutano inakufikisha Copenhagen na kuishia hapo. Ya Greenland huombwa Denmark hiyohiyo, lakini lazima useme tangu mwanzo kuwa unakwenda Greenland, na stika utakayobandikiwa iwe na maneno yanayosema kwamba viza inatumika Greenland. Isome kabla hujatoka mlangoni. Nimemwona mtu na sanduku lake jipya akirudishwa kaunta ya ndege kwa kukosa mstari huo mmoja, na wakala aliyemuuzia safari alikuwa hapokei simu.

*"Naomba ufafanuzi: niende kiangazi au wakati wa baridi? Kila ninayemuuliza ananiambia lake." (Bi. Rukia)*

Kila mmoja anakwambia la kweli, Bi. Rukia. Kuanzia karibu mwisho wa Mei hadi karibu mwisho wa Julai jua halizami. Linazunguka tu angani na kuinama upande wa kaskazini usiku wa manane, na majabali ya barafu yanayoelea ghubani yanageuka rangi ya waridi na dhahabu. Ndio wakati wa boti, wa nyangumi wanaoingia ghubani kula, na wa watalii wengi. Ndio wakati wa mbu pia. Ndiyo, mbu. Hawana malaria, lakini wana njaa ya mwaka mzima. Nunua chandarua cha kuvaa kichwani usione haya, wenyeji wanavaa.

Kinyume chake, mwisho wa Novemba jua linaaga na halionekani tena hadi katikati ya Januari. Si giza la kaburi. Mchana kuna mwanga kama wa alfajiri kwa saa chache. Tarehe 13 Januari watu, watoto wa shule wakiwemo, hupanda kilima cha Seqinniarfik nje ya mji kulilaki jua. Linachungulia dakika chache, watu wanaimba, linarudi chini. Machi na Aprili ni miezi ya theluji nzuri na mwanga wa kutosha, na hapo ndipo sleji, vyombo vya kuteleza juu ya theluji vinavyokokotwa na mbwa, zinapofanya kazi, katika baridi inayoweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi.

Mimi mwenyewe nachagua mwisho wa Agosti. Mbu wamepungua, boti bado zinatembea, na usiku umerudi kiasi cha kuweza kuona mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku. Majabali ya barafu hayana msimu, yapo mwaka mzima.

Kuhusu nguo, swali ambalo wameuliza wengi: hata Julai nyuzi 10 ndiyo hali ya kawaida mchana mtulivu, na juu ya maji karibu na barafu ni baridi zaidi. Vaa sufu ndani, koti la kuzuia upepo nje, kofia, glavu, na viatu vinavyoshika mwamba. Pamba ikilowa ni adui.

*"Bahari ni moja na Greenland ina pwani ndefu. Kwa nini majabali ya barafu yajikusanye mlangoni mwa mji huo mmoja?" (Fundi Boti)*

Hili ndilo swali nililokuwa nikilisubiri.

Ndani ya nchi, theluji ya maelfu ya miaka imeshindiliana ikawa barafu, na barafu hiyo kwa uzito wake inateremka taratibu kuelekea baharini. Inapopata bonde hutiririka kama mto mnene. Mto wa barafu unaoitwa Sermeq Kujalleq, mashariki ya mji, ni miongoni mwa yenye kasi kuliko yote duniani. Umepimwa ukienda mita 40 kwa siku. Kwa mwaka unamwaga zaidi ya kilomita za ujazo 35 za barafu, sehemu ya kumi hivi ya barafu yote inayokatika Greenland na kuangukia baharini. Hakuna mto wa barafu mwingine nje ya Antaktika unaotoa kiasi hicho. Ndiyo sababu UNESCO waliliingiza eneo hilo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004.

Vipande vinavyokatika huangukia ndani ya hori ndefu na yenye kina kirefu iitwayo Kangia. Sasa sikiliza, Fundi, maana hapa ni mambo ya chombo na kina. Mdomoni mwa hori hiyo, pale inapokutana na ghuba, kuna fungu chini ya maji. Si fungu la mchanga, ni kifusi cha mawe na udongo ambacho barafu yenyewe ilikisukuma zamani, ilipokuwa imefika hadi hapo. Juu ya fungu maji yana kina cha kama mita 200 hadi 250. Kwako wewe na mimi hicho ni kina cha kupitisha meli yoyote iliyowahi kuundwa. Kwa jabali la barafu ni kina kifupi. Sehemu tisa katika kumi za uzito wake zimo majini, kwa hiyo lile kubwa linakuja limezama kuliko fungu linavyoruhusu. Linapanda fungu, linakwama. La nyuma yake linalisukuma, nalo linakwama. Hori nzima inajaa nyuma yao, kilomita baada ya kilomita, hata usione maji.

(Msifanye hesabu ya haraka mkasema jabali lenye mita 80 juu lina mita 720 chini. Tisa katika kumi ni ya uzito, si ya urefu. Jabali linaweza kuwa pana chini na jembamba juu, au kinyume. Vijana wa sitaha walinibishia sana juu ya hili.)

Linakaa hapo mpaka liyeyuke, au livunjike, au bamvua lilinyanyue na shinikizo la nyuma lilitoe. Safari ya kutoka linapokatika hadi kufika mdomoni huchukua mwaka au zaidi. Likishatoka, mkondo hauliteremshi kusini moja kwa moja kama mtu anavyodhani. Unalipeleka kwanza kaskazini, linazunguka Ghuba ya Baffin, kisha linashuka na mkondo wa Labrador kupita pwani ya Kanada hadi maji ya Newfoundland. Wenyeji watakwambia kwamba lililozamisha Titanic mwaka 1912 lilitoka kwao. Jabali halibandikwi muhuri wa bandari, lakini njia ni hiyohiyo.

*"Uliandika kwamba barafu 'inasema'. Unatutania, Mzee?" (Msomaji wa Siku Nyingi)*

Sikutanii. Boti ndogo ikizima mashine katikati ya vipande, inama usikilize. Kila kipande kinatoa mlio mwembamba usiokatika, kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni. Ni hewa. Theluji ilipokuwa ikishindiliwa kuwa barafu ilifungia viputo vya hewa, na hewa hiyo imekaa humo chini ya mgandamizo kwa maelfu ya miaka. Barafu ikiyeyuka, kuta za viputo zinapasuka kimoja kimoja. Nahodha mmoja aliopoa kipande kwa wavu, akakivunja kwa nyundo akatugawia. Ukikiweka kwenye gilasi ya maji kinaendelea kupasuka hadi kiishe. Ni maji matamu, hayana chumvi hata kidogo.

Viputo hivyohivyo ndivyo vinavyofanya jabali lionekane jeupe. Ukiona mshipa wa buluu iliyokolea unakata jabali kuanzia juu hadi chini, hapo palikuwa na ufa, maji yakaingia yakaganda bila hewa. Nilipata kuona jabali lenye mshipa wa namna hiyo uliolala kama hatamu ya dau, na nikakaa nje hadi vidole vikafa ganzi.

Halafu kuna sauti ya pili, na hiyo si nyembamba. Ni mshindo kama wa radi ya mbali katika anga lisilo na wingu. Ukiusikia, jabali limekatika au linapinduka mahali fulani. Hapo angalia umesimama wapi.

*"Mwanangu ana akaunti yenye wafuasi wengi. Anataka picha akiwa ufukweni kabisa, au juu ya jabali lenyewe. Kuna ruhusa ya kuomba?" (Mzazi)*

Mzazi mwenzangu, hakuna ruhusa ya kuomba kwa sababu hakuna mwenye akili atakayeitoa.

Chini ya Sermermiut, bonde la makazi ya kale nje ya mji, kuna kifukwe kizuri cha kokoto, maji maangavu, vipande vya barafu vimetapakaa. Kinakuita. Pale juu kuna bango linaloonya kwamba usishuke ufukweni, kuna hatari ya kufa au kuumia vibaya kutokana na mawimbi ya ghafla. Halikuwekwa kwa mapambo. Jabali lenye uzito wa mamilioni ya tani likijigeuza, maji yanakuja ufukweni bila dalili ya upepo wala wingu, yanapanda juu kuliko mtu anavyodhani, na yanaporudi yanarudi na mawe na barafu. Mwenye miguu mizuri hatafika juu.

Na kupanda juu ya jabali, hilo hata wavuvi waliozaliwa hapo hawalifanyi. Angalieni jabali lolote kwenye usawa wa maji: mawimbi yanachonga mfereji kulizunguka. Ukiona mfereji wa namna hiyo uko juu, umekaa mshazari, ujue jabali hilo limeshageuka au kuinama, na huo ni usawa wake wa zamani. Mengine yana mifereji mitatu, minne, kila mmoja na mshazari wake. Ndivyo manahodha wanavyolisoma kabla ya kulisogelea, na hata wakishalisoma wanabaki mbali.

Mwanao apigie picha zake kwenye njia ya mbao. Inaanzia penye kituo cha wageni cha Hori ya Barafu, jengo lililojipinda juu ya mwamba, ambalo msanifu Dorte Mandrup alilibuni na likafunguliwa mwaka 2021. Paa lake lenyewe ni njia, unapanda upande mmoja unashukia mwingine. Kutoka hapo njia ya mbao inakatiza bonde hadi Sermermiut. Msiikanyage nyasi pembeni. Chini ya nyasi hizo kuna makazi ya watu wa tamaduni tatu, Saqqaq, Dorset na Thule, waliopokezana mahali hapo kwa zaidi ya miaka 4,000, wakila sili na kuchonga mifupa, na taka zao zimehifadhiwa na baridi. Miamba ya mwisho wa njia iko juu vya kutosha. Inaona hori yote. Picha atakayoipata hapo inashinda ya ufukweni, na atarudi nayo.

*"Assalaam alaykum. Jua lisipozama, nitaswalije? Na kibla kiko wapi? Naomba usinicheke." (Ummu Haytham)*

Wa alaykum salaam. Nicheke nini, dada yangu. Nilikuwa na wenzangu melini waliokuwa wakijiuliza hilohilo kila msimu.

Adhuhuri na alasiri bado utaziona kwa kivuli, maana jua linapanda na kushuka hata kama halizami. Ila jihadhari na saa ya ukutani. Ilulissat uko mbali magharibi kuliko saa yake inavyodai, kwa hiyo kiangazi jua linafika kusini kabisa saa nane na ushee mchana, si saa sita. Magharibi, isha na alfajiri ndizo zisizo na alama. Wanachuoni wana rai zinazojulikana: kufuata nyakati za mahali pa karibu zaidi ambapo jua linazama na kuchomoza, au kufuata nyakati za Makka. Mwulize sheikh wako kabla ya safari na ushike moja, usibadilishe kila siku.

Kibla kitakushangaza. Kwa mstari mfupi zaidi juu ya uso wa dunia, Makka kutoka Ilulissat iko karibu mashariki kabisa, ikielekea kidogo kaskazini. Mtu anayeshika ramani ya ukutani atageukia kusini mashariki. Na usiamini dira ya sumaku bila kuirekebisha, maana kule sindano inavutwa magharibi kwa zaidi ya nyuzi 20.

*"Chakula je? Nimesikia wanakula nyangumi mbichi." (Mpishi)*

Wanakula, na sijaona sababu ya kukunja pua. Kiitwacho mattak ni ngozi ya nyangumi pamoja na mafuta yake, hukatwa vipande vidogo na kutafunwa mbichi. Ngozi ni ngumu, inahitaji meno. Mafuta yanayeyuka mdomoni na kuacha ladha ya karanga. Katika nchi isiyoota mboga, ngozi hiyo ndiyo iliyowapa watu vitamini C kwa karne nyingi. Kuna pia mchuzi wa sili wenye mchele na vitunguu, unaoitwa suaasat.

Lakini mji unaishi kwa halibuti, samaki bapa wa jamii ya gayogayo, ila wa maji ya kina kirefu na baridi, mwenye mafuta mengi. Wanamvua kwa dhulumati zenye ndoano mamia, ndani kabisa ya hori, katikati ya barafu. Wakati wa baridi huenda na sleji, wanatoboa barafu, wanateremsha mshipi mamia ya mita. Nenda bandarini asubuhi uone boti ndogo zikiingia, pua ya boti ikisukuma vipande vya barafu kando, zikipanga foleni gati la kiwanda. Samaki na kamba wa hapo wanasafirishwa nje. Mgahawani agiza halibuti wa moshi. Kamba wa hapo ni wadogo na watamu, wala hawahitaji kachumbari.

Ukibahatika kualikwa kaffemik, usikatae. Ni sherehe ya nyumbani, ya kuzaliwa mtoto au siku ya kwanza ya shule, na mlango uko wazi kwa majirani. Vua viatu mlangoni, kunywa kahawa, kula keki na vingine vyote vilivyopangwa mezani, zungumza, halafu ondoka uwapishe wanaosubiri. Fundi mmoja wa gati alinikaribisha kwao mjukuu wake alipotimiza mwaka. Niliketi kati ya bibi wawili wasiojua Kiingereza wala Kidenmark changu kibovu, wakanijazia sahani mara tatu.

*"Tuna mtoto wa miaka sita anayependa mbwa kupita kiasi." (Baba Ilham)*

Basi anza kumfundisha leo. Mbwa wa sleji si wa kubembeleza. Wamefungwa minyororo kwenye viwanja vya mwamba pembezoni mwa mji, ni wanyama wa kazi, na wanang'ata. Asiwakaribie, asiwarushie chakula, na asipite kati yao kwa kukata njia. Watoto wa mbwa huachwa huru wakingali wadogo na watamfuata, wanachekesha, lakini mama yao ana mnyororo mrefu kuliko unavyodhani. Wewe usilete mbwa wako. Katika eneo hilo la kaskazini haruhusiwi mbwa wa aina nyingine, ili ukoo wa mbwa wa sleji usichanganyike wala kuambukizwa maradhi. Wakianza kulia jioni wote kwa pamoja, mtoto asiogope. Kelele hiyo haina maana yoyote, au angalau mimi sijaipata.

*"Mjukuu wangu anasema barafu inakwisha, twende haraka kabla haijaisha. Ni kweli?" (Babu Kombo)*

Babu, shikamoo. Mjukuu ana ukweli, ila haraka aipunguze. Tangu katikati ya karne ya 19 uso wa Sermeq Kujalleq umerudi nyuma makumi ya kilomita. Ulimi wake uliokuwa ukielea ulivunjika mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kasi ya mto wa barafu ikapanda karibu maradufu. Kisha kuanzia kama 2016 kwa miaka michache ulipunguza kasi na hata kunenepa, kwa sababu maji ya baridi zaidi yaliingia ghubani. Wanasayansi walieleza kuwa ni nafuu ya muda. Majabali utayakuta mwakani, na mwaka utakaofuata.

Kinachowauma wenyeji zaidi ni kitu ambacho mgeni hakioni: barafu ya bahari yenyewe, ile inayoganda juu ya ghuba wakati wa baridi. Zamani ilishika imara na watu walisafiri juu yake kwa sleji. Sasa miaka mingi haishiki, wavuvi wanatumia boti miezi ambayo baba zao walitumia mbwa, na mbwa wamepungua sana mjini. Mkienda, mwulizeni mzee yeyote bandarini juu ya hilo. Ana mengi kuliko bango lolote la makumbusho. Na msiende kwa sura ya watu wa matanga; mji unajenga, unavua na kubishana juu ya kodi kama mwingine wowote.

*"Gharama. Tuambie ukweli." (Wengi)*

Ni ghali. Fedha ni krone ya Denmark, kadi zinapokelewa karibu kila mahali, na chumba cha hoteli kwa usiku mmoja ni zaidi ya krone elfu moja. Vyumba ni vichache kuliko wanaovitaka, kwa hiyo kata mapema, miezi kabla. Chakula cha dukani kinapunguza makali. Kuna maduka makubwa mjini, na hostelini unapika mwenyewe.

Vya bure ni vingi. Njia za miguu zimewekewa alama za rangi kwenye mawe, ya njano, ya buluu na nyekundu, zote zinafika kwenye hori na hakuna anayekudai. Pita kanisa la Zion la karne ya 18 lililo ukingoni mwa maji, na nyumba nyekundu alikozaliwa Knud Rasmussen, msafiri mvumbuzi wa nchi za barafu, mwaka 1879, ambayo sasa ni makumbusho.

Ukiwa na pesa ya jambo moja tu la kulipia, lipia boti ya usiku, mamia kadhaa ya krone. Acha helikopta. Ukiwa na ya jambo la pili, nenda na boti hadi mto wa barafu wa Eqi, kaskazini, siku nzima, ambako unaweza kuona barafu ikikatika kutoka umbali salama. Ukiwa na ya tatu, lala Ilimanaq au Oqaatsut, vijiji vya watu wachache ng'ambo na kaskazini ya mji, ukae bila ratiba.

Ukinunua tupilak, vinyago vidogo vya viumbe wa kutisha, uliza vimechongwa kutokana na kitu gani. Vya pembe ya kulungu wa kaskazini havina tatizo. Vya mfupa au jino la nyangumi vinahitaji kibali cha kusafirishia nje, na muuzaji mwaminifu atakueleza jinsi ya kukipata. Asipojua kibali ni kitu gani, rudisha kinyago mezani.

Barua kuhusu kazi za melini nimeziweka kando, nitazijibu toleo lijalo.